Yaphet Kotto naye aliigiza Amin

Mhariri,

Kila yanapozuka mazungumzo ya filamu kuhusu Idi Amin hapa Entebbe, jina la kwanza kutajwa, na mara nyingi la mwisho, ni la Forest Whitaker, aliyeigiza nafasi hiyo katika filamu ya mwaka 2006 iliyopigwa humu nchini, akatunukiwa Oscar mwaka uliofuata. Sifa hiyo aliistahili. Hata hivyo, naomba nafasi katika gazeti lako nimtaje aliyemtangulia kwa karibu miaka 30, Yaphet Kotto, kwa kuwa naona tunamdhulumu tunapomsahau.

Kotto alizaliwa New York mwaka 1939. Baba yake alitoka Kamerun na alifuata dini ya Kiyahudi, na mwana akalelewa katika imani hiyo, jambo ambalo sisi tunaoishi nchi moja na Abayudaya, Waganda wa dini ya Kiyahudi walioko Mbale, hatuna sababu ya kulistaajabia. Mwaka 1973 alikuwa hasimu wa James Bond katika Live and Let Die. Kisha Januari 1977, miezi 6 tu baada ya makomando wa Israeli kuvamia uwanja wetu wa ndege kuwaokoa mateka usiku wa kuamkia Julai 4, televisheni ya Marekani ilionyesha filamu ya uvamizi huo, Raid on Entebbe, na aliyevaa magwanda ya Amin alikuwa huyu mtoto wa nyumba ya Kiyahudi. Hakupewa muda mrefu, kwani hadithi ilikuwa ya mateka na waokoaji wao. Lakini anapoingia kwa mateka akitabasamu, akiwaamkia kwa uchangamfu wa mwenyeji anayepokea wageni, mtazamaji anahisi baridi mwilini, kwa maana tabasamu lile lile ndilo linalotisha. Aliteuliwa kuwania tuzo ya televisheni ya Emmy kwa nafasi hiyo, na hakuhitaji kupaza sauti kila mara ili tumwogope.

Katika vibanda vya video tumezoea kumkumbuka steringi peke yake, na wengine wote tunawaona kama watu wa kujaza picha. Kotto aliishi kwa kazi hiyo ya pembeni, na ndiyo maana namheshimu. Katika Alien ya mwaka 1979 yeye ni Parker, fundi wa chombo cha anga ambaye, kabla ya hatari yoyote kutokea, analalamikia malipo yake. Kwa lalamiko hilo moja tunaamini kwamba wale ni wafanyakazi hasa, na ndipo vifo vyao vinatuuma. Baadaye, kuanzia 1993 hadi 1999, alikuwa Luteni Al Giardello katika tamthilia ya polisi wa Baltimore, Homicide, mkuu wa kikosi mwenye damu ya Kisisilia na ya Kimarekani Mweusi. Miaka yote hiyo alimshika mhusika mmoja bila kumchosha mtazamaji, kazi ambayo wasanii wetu wa tamthilia za Kampala wanaijua ugumu wake kuliko mimi.

Alifariki Ufilipino mwaka 2021, akiwa na umri wa miaka 81. Ombi langu ni kwamba ukurasa wenu wa burudani utakapoandika tena kuhusu filamu za Entebbe, umtaje kwa jina lake, na picha yake ichapishwe kando ya ile ya Whitaker.

Msomaji wenu,
Entebbe