Barua ya wazi kwa vijana mnaokuja kuanza kazi Mombasa: njooni kwanza, nyumba baadaye

Wanangu,

Hongereni nyote mliomaliza chuo mkapata kazi huku kwetu, iwe bandarini, hotelini, hospitali ama ofisi za mjini. Mimi ni mama wa hapa hapa, nina vyumba vya kupangisha Kisauni na nimeona watoto wa watu wengi wakija na wakienda, na linaloniuma ni lile lile kila mwaka. Kijana yuko Eldoret ama Kisumu, ametumiwa picha za bedsita kwa WhatsApp, taili zinang'ara, feni iko juu, anaambiwa tuma dipoziti leo kuna mwingine anaitaka, anatuma kwa M-Pesa, akishuka Mwembe Tayari na mabegi yake ile simu imezimwa. Na pesa yenyewe si yake, ni ya mzazi kauza ng'ombe. Nawaomba msilipe nyumba yoyote kabla hamjalala Mombasa.

Tafuta shangazi, mtu mliyesoma naye, mtu wa msikiti ama kanisa lenu, omba akuweke wiki mbili tatu, changia chakula na maji, fagia, saidia. Siku hizo ndio utajua njia yako ya kazini, manake mji wenyewe uko kisiwani na kila upande una mlango wake: Kisauni, Bamburi na Mtopanga mnapita daraja la Nyali, Changamwe, Mikindani na Miritini mnapita Makupa, Likoni ni feri. Mtaambiwa Likoni kodi ni nafuu, na ni kweli, tena anayevuka kwa miguu halipi feri, lakini kama kazi iko Nyali na unatakiwa uingie saa moja asubuhi hebu ifanye hiyo safari Jumatatu moja kabla hujalipa, uone watu wanavyosubiri pale, uvuke, upande matatu mpaka mjini, upande nyingine tena, ujumlishe nauli ya mwezi mzima ndio uniambie kama bado ni nafuu. Anayefanya kazi uwanja wa ndege ama stesheni ya treni ya SGR asihangaike na Nyali kwa sababu ya jina, akae Changamwe ama Mikindani.

Halafu maji. Hapa ndio wengi wenu kutoka bara hamuulizi. Mombasa haina mto wake, maji matamu yanatoka mbali, chemchemi za Mzima huko Tsavo na Baricho kaunti ya Kilifi, na hayatoshi, kwa hiyo nyumba nyingi mfereji unatoka siku fulani fulani tu, na nyingine ni maji ya kisima ya chumvi ambayo utaoga na kufua lakini ya kunywa na chai utanunua kwa mtungi wa lita 20 kwa watu wa mikokoteni. Usimuulize ajenti, atakwambia maji yapo masaa yote. Fungua mfereji mwenyewe, onja, halafu muulize mama wa mlango wa pili, huyo hana cha kukuuzia. Muulize pia kama mita ya tokeni ni ya kila mtu peke yake ama mnachangia, ugomvi wa stima nimeuamua mara nyingi. Na chumba cha juu kabisa chini ya mabati, ingia saa nane mchana, kaa ndani kidogo, Januari na Februari joto la huku si mchezo.

Chumba kwenye nyumba ya Kiswahili, ile ya ukumbi katikati na choo cha pamoja, msikidharau jamani. Mshahara wa kwanza unatosha, na ukiugua usiku kuna mtu atasikia. Salimia watu asubuhi tu.

Ukishaipenda nyumba, mtafute mwenye nyumba, si ajenti wala keateka, ulizia majirani wanamlipa nani na kwa nambari gani. Ajenti wa kukuonyesha nyumba ana haki yake ya jasho lakini dipoziti haikai kwake. Taka karatasi yenye sahihi zenu, kodi, dipoziti na lini inarudi, na ile siku unapewa funguo piga picha kuta, sinki, vioo, mtumie mwenye nyumba hapo hapo. Msitegemee sheria iwaokoe baadaye, ile Sura ya 296 ya kodi za nyumba inagusa zile za shilingi 2,500 kwa mwezi kushuka, na zenu nyingi zitapita hapo.

Mwenye nyumba akikataa kuandika, toka. Hata kama umechoka, hata kama shangazi ameanza kununa, rudi umwambie shangazi hivyo hivyo ilivyokuwa na umuombe wiki moja zaidi.

Mama yenu, Kisauni