Takwimu za polisi zihakikiwe nje ya kituo

Ndugu Mhariri,

Hapa Tanzania, kila mwaka unapoanza, makamanda wa polisi wa mikoa huwaita waandishi wa habari na kutangaza kwamba uhalifu umepungua kwa asilimia fulani, na magazeti, likiwamo lako, huichapa asilimia hiyo kama ilivyotamkwa. Sina sababu ya kudai kwamba ni ya uongo. Ninachohoji ni kwamba anayetangaza mafanikio ndiye huyo huyo aliyehesabu, na msomaji haambiwi kama kuna mwingine aliyeipitia hesabu hiyo.

Ireland waliacha polisi wajihesabie wenyewe, nao walilipa kwa aibu kubwa. Polisi wa huko, An Garda Síochána, walikuwa wameingiza katika mfumo wao wa kompyuta kwamba kuanzia Juni 2009 hadi Aprili 2017 waliwapima madereva ulevi mara 3,498,400, ilhali vifaa vya kupimia, ambavyo hutunza hesabu yake vyenyewe, vilionyesha mara 2,040,179. Vipimo 1,458,221 havikuwa na ushahidi wowote nje ya kompyuta ya polisi. Miongoni mwa waliotilia shaka mapema ni taasisi ya kitabibu inayosimamia vifaa hivyo, iliyoona kwamba mirija ya kupulizia iliyotolewa hailingani na kazi iliyodaiwa kufanyika.

Hata kifaa, hata hivyo, hudanganywa. Mwaka 2018 polisi wa jimbo la Victoria, Australia, walikiri kuwapo kwa vipimo bandia zaidi ya 258,000 katika miaka mitano na nusu, na baadhi ya askari walikuwa wakivipuliza vifaa wenyewe ili idadi ya zamu itimie.

Uingereza kosa lilielekea upande wa pili. Mwaka 2014 wakaguzi wa polisi wa England na Wales walikadiria kwamba asilimia 19 ya makosa yaliyoripotiwa, yaani zaidi ya 800,000 kwa mwaka, hayakuandikwa. Kwa makosa ya kingono ilikuwa asilimia 26. Kule Ireland mkubwa alitaka kuona vipimo vingi, navyo vikawa vingi. Uingereza alitaka kuona makosa machache, nayo yakawa machache.

Ndiyo maana naogopa tunapomsifu mkuu wa kituo kwa sababu tu makosa katika eneo lake yamepungua. Mtu anayepimwa hivyo ana kila kishawishi cha kumshauri mwanamke aliyepigwa na mumewe arudi wakayamalize kifamilia, asimpe RB, yaani namba ya taarifa iliyoandikwa kituoni, na mwisho wa mwezi kituo kikaonekana kimefanya vizuri. Mwenzake wa kituo cha jirani, anayeandika kila lalamiko linalofika kaunta, ataonekana ameshindwa kazi.

Sisi tunayo njia ya kulinganisha, wala haihitaji mitambo mipya. Majeruhi wa kupigwa au wa ajali hupewa PF3, yaani fomu ya polisi ya matibabu, na polisi, na daktari huijaza hospitalini. Hospitali ya wilaya ikitoa kila robo mwaka idadi ya majeruhi iliowatibu, bila majina, na idadi hiyo ikawekwa kando ya ile ya kituo, tofauti itaonekana yenyewe. Umuhimu wake unajionyesha barabarani: kwa mwaka 2016 takwimu rasmi za Tanzania zilitaja vifo zaidi ya 3,200, wakati Shirika la Afya Duniani lilikadiria zaidi ya 16,000. Makadirio hayo yametokana na hesabu za kitaalamu, si kuhesabu maiti, na sehemu ya pengo inaweza kuwa ni watu wanaofia wodini siku kadhaa baada ya ajali, wakati askari ameshafunga jalada lake. Si lazima pawepo mwongo. Lakini pengo la ukubwa huo haliwezi kuelezwa na upande mmoja peke yake.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo kuliko ombi langu kwa Jeshi la Polisi. Kamanda atakapotangaza tena kwamba uhalifu umepungua, mwandishi wako amuulize ni malalamiko mangapi yaliyofika vituoni bila kufunguliwa jalada, na ni nani asiye chini ya amri yake aliyeikagua hesabu hiyo. Majibu yachapwe pamoja na asilimia, na pasipokuwa na jibu, hilo nalo lichapwe.

Msomaji wako,
Morogoro