Tuanze na Maji

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Barua yako ilinifikia juzi pamoja na ile ramani uliyoitia alama, na tangu hapo iko mezani kwangu, naitazama asubuhi na jioni. Siku 5 mlimani, wewe na mimi, mizigo mgongoni: nakuja, hilo usiwe na shaka nalo. Ila mpango naomba tuupange upya. Umegawa njia kilomita 12 kwa kila siku, ukaweka hema pale hesabu ilipoishia. Mimi naona tuanze na maji. Tukishajua maji yako wapi, kambi zitajipanga zenyewe.

Yalishanikuta, ndiyo maana nasema. Nilipanda na wenzangu wawili mwishoni mwa kiangazi, na ramani ilionyesha kijito kikikatiza njia karibu na kambi ya pili. Tulikiamini. Mchana kutwa tulikunywa bila kuhesabu. Mwenzetu mmoja hata alinawa uso. Tulipofika, jua likikaribia kuzama, tulikuta mawe matupu. Nilipiga magoti nikafukua changarawe kwa kifuniko cha sufuria mpaka mkono ukazama hadi kiwiko. Huko chini mchanga ulikuwa na unyevu wa kunata vidoleni tu, tone halikutoka. Nusu lita ndiyo tuliyobaki nayo, watu watatu, usiku kucha. Chakula chote kilikuwa kikavu, cha kupikwa, kwa hiyo tulilala na njaa, na alfajiri tukarudi chini mwendo wa saa mbili kwenye maji ya jana.

Tangu hapo mstari wa bluu kwenye ramani siuamini hivi hivi. Ukiwa umekatika-katika, mara nyingi hicho ni kijito cha msimu. Ukiwa mzima, natazama kilicho juu yake: bonde pana linalokusanya maji ya miteremko mingi hudumu kuliko kikorongo kifupi, na kijito kinachotoka ziwani hakikauki upesi. Kisha nauliza waliopita njia hiyo wiki hiyohiyo, maana ramani haijui mvua imenyesha lini.

Sasa siku yako ya tatu, hiyo ndiyo inayoninyima usingizi. Hema umeliweka kwenye mgongo wa mlima kati ya vilele viwili, mita 3,100, na hapo hakuna maji. Kutoka kijito cha mwisho ni kilomita 4 na kupanda mita 600. Kwa kanuni ya Naismith, ile ya mwaka 1892 ya kukadiria muda wa mwendo mlimani, kila kilomita 5 ni saa moja na kila mita 600 za kupanda ni saa moja nyingine, yaani kama saa moja na dakika 50. Kwa mizigo yetu, tuseme saa mbili na nusu. Ninachopendekeza ni hiki: tufike kijitoni saa 8 mchana, tupike na kula palepale, tunywe mpaka tushibe, tujaze lita 3 kila mmoja, saa 9 tuanze kupanda. Chakula cha jioni kikishakuwa tumboni, maji yake hatuyabebi, na lita moja ni kilo moja mgongoni. Wingu zito likionekana, hatupandi kabisa. Radi ikikukuta mgongoni pa mlima huna pa kujificha. Tutalala hukohuko chini.

Lakini kulala chini kusiwe kando ya kijito. Hewa ya baridi hushuka usiku na kutuama bondeni, asubuhi unaamka hema limelowa kwa ndani. Tafuta tambarare ndogo iliyoinuka, angalau mita 60 kutoka majini, ili na uchafu wetu usiingie humo. Kabla ya kutandaza hema tazama juu: mti mkavu au tawi lililokufa, sogea.

Kambi ya nne umeipandisha mita 800 kutoka ya tatu. Hapo sikubali. Ukishavuka mita 3,000, pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, la sivyo maumivu ya kichwa na kichefuchefu vya mwinuko vitatumalizia safari. Lile ziwa dogo kwenye mita 3,500 linatufaa sana: mwendo mfupi, maji tele, mchana mzima wa kupumzika. Tutahitaji siku ya sita. Omba ruhusa mapema.

Maji ya ziwani yaonekane safi vipi, tutayachuja au kuyachemsha. Dakika moja ya kutokota inatosha, ila juu ya mita 2,000 tuyaache dakika 3, kwa kuwa huko yanachemka kabla joto halijafika nyuzi 100. Kichujio usiku nitalala nacho kwenye mfuko wa kulalia. Kikiganda, vitundu vyake vya ndani hupasuka na kwa macho huoni kitu. Wewe beba vidonge vya kusafishia maji, viwe akiba.

Ramani yako nairudisha na barua hii. Vyanzo ninavyoviamini nimevizungushia duara. Viwili nimeweka alama ya kuuliza, ndivyo vya kuulizia. Na tafuta chupa ya kukunjika ya lita 2, itakaa tupu mpaka siku ya tatu.

Wako,
mwenzio wa njiani