Taimingi ya mashine ya boti isiwekwe kwa kukisia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niongelee hizi mashine za boti za zamani, zile tustroki zenye pointi (vibati viwili vinavyofunguka ili plagi ipige moto) chini ya flaiwili, lile gurudumu zito la juu ya mashine, maana huku kwetu Mafia bado zipo, na mashine ikizima katikati ya mkondo maji ya bamvua yanakupeleka yanakotaka yenyewe. Watu watasema petroli chafu, mara plagi, mara kabureta, kumbe mara nyingi ni taimingi, yaani ule wakati plagi inapopiga moto.

Mafundi wengi wanakisia. Anachomeka kipande cha boksi la kiberiti kwenye pointi, anakaza, anavuta kamba, ikiwaka anakwambia tayari lete hela. Jamani kuwaka siyo kipimo! Mashine inaweza kuwaka safi pale ufukweni haina mzigo, na bado moto unapiga mapema, sasa pakia watu na samaki ufungue mafuta yote, pistoni inachemka mpaka inatoboka kichwani, na kwa zile kelele huwezi hata kusikia kwamba inagonga. Moto ukichelewa nao, mashine inakosa nguvu, inachemka, inakula mafuta tu.

Wengi hawajui kwamba ukigusa nafasi ya pointi, ule mwanya kati yake zikifunguka, umegusa na taimingi. Ukiipanua, pointi zinafunguka mapema, moto unawahi. Ukiibana, moto unachelewa. Na ile sehemu ya pointi inayosugua kwenye kamu inayozifungua inalika taratibu, kwa hiyo nafasi inajibana yenyewe hata kama hakuna aliyeigusa, ndo maana mashine iliyokuwa nzuri msimu wa kaskazi inakuwa nzito kwenye kusi na mwenyewe haelewi kwa nini. Johnson na Evinrude nyingi za zamani kipimo ni inchi 0.020, yaani nusu milimita. Zingine zina vipimo vyao, usihamishe cha mashine hii ukaweka kwenye ile. Fila geji, vile vibati vya kupimia nafasi, haifiki bei ya petroli ya safari moja, fundi asiyekuwa nayo mimi simpi mashine yangu.

Ukishaweka nafasi, hakikisha. Toa plagi, bana karatasi nyembamba katikati ya pointi, zungusha flaiwili kwa mkono pole pole kuelekea upande inakozungukia huku unakavuta hako kakaratasi kidogo tu, pale kanapoachia ndo moto unapotoka, simama uangalie kama alama ya flaiwili imekaa mahali pake. Kama ni silinda mbili rudia kwa ya pili, usiseme zitakuwa sawa tu.

Na kabla ya yote angalia kii ya flaiwili, kile kichuma kidogo kinachoishikilia isihame kwenye shafti. Nati ikilegea kii inakatika nusu, flaiwili inahama kidogo, hapo hata upime pointi mpaka jioni taimingi haikai. Halafu flaiwili inatolewa kwa pula, kifaa cha kuivuta juu, siyo kugonga shafti na nyundo, mnaua beringi.

Mashine za CDI, zile zinazopiga moto kwa elektroniki, hazina pointi, hizo nitaziacha. Ombi langu ni kwa maafisa uvuvi wa wilaya: mkija kutufundisha habari za nyavu na maboya ya kujiokolea, njooni na fundi mwenye geji afungue flaiwili mbele yetu. Na wenye maduka ya spea, mkiuza pointi mpya mpeni mteja na kipimo chake kimeandikwa kwa Kiswahili na kwa milimita.

Mvuvi,
Kilindoni, Mafia