Kadi ya kamera ikigoma, kufomati kuwe mwisho

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nijibu ushauri uliotolewa hivi karibuni katika safu yenu ya maswali ya wasomaji. Msomaji mmoja aliuliza afanye nini baada ya kamera yake ya dijitali kuonyesha kwamba kadi ya kumbukumbu ina hitilafu, naye akajibiwa, kwa sentensi moja tu, kwamba aifomati kadi hiyo ndani ya kamera, yaani aiandae upya kama kadi tupu, na kuendelea na kazi. Ushauri huo si wa uongo, kwa maana kadi nyingi hurudia hali yake baada ya kufomatiwa. Kasoro yake ni kwamba umetanguliza jambo linalopaswa kuja mwisho, tena bila kumuuliza mwenye kadi swali la kwanza kabisa: je, mna picha ndani yake ambazo bado hujazihamisha?

Nimekuwa mpiga picha kwa zaidi ya miaka kumi na mitano, na kosa hilo nimelifanya mwenyewe. Kamera iligoma katikati ya harusi ya binamu yangu, nami kwa pupa ya kutaka kuwahi tukio lililofuata nikabonyeza kitufe cha kufomati, kisha nikaendelea kupiga picha kwa kadi ile ile hadi jioni. Nilipokuja kufahamu kwamba picha za asubuhi zingeweza kuokolewa, nilikuwa nimekwisha kuzifunika kwa picha za jioni. Binamu yangu amenisamehe. Mkewe, nadhani, bado.

Jambo ambalo sikulijua siku ile ni kwamba kufomati, katika kamera nyingi, hakugusi picha zenyewe. Kinachofutwa ni orodha inayoonyesha kila picha imehifadhiwa wapi, kama vile mtu anavyoweza kuichana faharasa ya kitabu na kuziacha kurasa zake zote mahali pake. Picha huangamia pale picha mpya zinapoandikwa juu yake. Ndiyo sababu programu kama PhotoRec, inayopatikana bure, huweza kuipuuza orodha iliyoharibika na kupekua kadi nzima ikitafuta alama ambazo kila picha ya JPEG, yaani faili ya picha ya muundo wa kawaida, huanza nazo. Baadhi ya kamera, hata hivyo, zina chaguo la kufomati kwa kina, na aliyelitumia hilo asiwe na matumaini makubwa.

Kwa hiyo kadi yenye picha ikigoma, kamera izimwe, kadi itolewe, na kama ni kadi ya SD ya ukubwa wa kawaida, kiswichi chake cha pembeni kisogezwe upande wa kufunga. Kiswichi hicho ni kipande cha plastiki tu ambacho hakina waya wowote ndani ya kadi; kazi yake ni kuguswa na kamera au kisoma kadi, ambavyo ndivyo vinavyoamua kuheshimu kufuli hilo. Kikilegea, husogea chenyewe kila kadi inapoingizwa, na kamera ikalalamika kwamba kadi imefungwa. Nimeona kadi nzima kabisa zikitupwa kwa sababu hiyo, na nimeona pia watu wakibandika selotepu mahali pa kiswichi, jambo ambalo hufanya kazi mpaka siku selotepu inapobanduka na kubaki ndani ya kamera.

Baada ya hapo mtu asiihukumu kadi kabla ya kuwahoji washukiwa wengine. Iingizwe kadi nyingine katika kamera hiyo hiyo, na kadi inayoshukiwa isomwe kwa kisoma kadi kwenye kompyuta. Kadi ya pili ikikataliwa nayo, huku ya kwanza ikisomeka vizuri kwenye kompyuta, basi mgonjwa ni kamera. Betri iliyokaribia kwisha huweza kukatiza uandishi wa picha na kuiacha orodha nusunusu, na kuchomoa kadi wakati taa ya uandishi bado inawaka huleta madhara hayo hayo. Vibati vya rangi ya dhahabu mgongoni mwa kadi hushika mafuta ya vidole. Kitambaa kikavu kisichoacha nyuzi mara nyingi kinatosha. Wanaotumia kadi ndogo za microSD ndani ya adapta, yaani ganda linaloziwezesha kuingia katika tundu la SD, waijaribu adapta nyingine kwanza. Wenye kamera za zamani zinazotumia kadi za aina ya CompactFlash wamulike ndani ya tundu kwa tochi, kwa kuwa mle mna sindano 50, na moja tu ikipinda inatosha kuleta hitilafu.

Lipo pia suala la umri. Kadi za SD zina vizazi: za SDHC, zinazofika gigabaiti 32, zilianza mwaka 2006, na za SDXC, zinazopita hapo, zilitangazwa mwaka 2009. Zote zina umbo lile lile la SD ya kwanza, kwa hiyo huingia bila shida katika kamera ambayo haijui kuzisoma, na kamera hiyo huripoti hitilafu ilhali kadi haina ugonjwa wowote. Vivyo hivyo, video inayokatika baada ya sekunde chache mara nyingi ni dalili ya kadi isiyo na kasi ya kutosha.

Kwenye kompyuta ndipo wengi wanapoteleza. Kompyuta ikishindwa kuielewa kadi huuliza kama iifomati, na mtu aliyechoka hukubali. Akatae. Asiharakishe pia kuendesha programu ya kukarabati kama CHKDSK, ambayo lengo lake ni kuisafisha orodha, hata kama kufanya hivyo kutazikata picha vipandevipande. Kwanza itengenezwe nakala ya kadi nzima, kisha picha zitafutwe katika nakala hiyo, na kila kinachopatikana kihifadhiwe kwenye diski nyingine, kamwe si kwenye kadi yenyewe.

Picha zikishakuwa salama, hapo sasa ifomatiwe, tena ndani ya kamera kama mlivyoshauri, kisha ijazwe data na kusomwa upya kwa programu ya majaribio kama H2testw au F3. Jaribio hilo hufichua pia kadi bandia, ambazo huidanganya kamera kwamba zina nafasi kubwa kuliko zilizo nayo kweli. Dalili ya kadi za namna hiyo ni kwamba picha za mwanzo huwa safi, na kuanzia kiwango fulani zinazofuata huwa za kijivu, nusu, au hazifunguki kabisa. Kuifomati kadi kama hiyo hakusaidii chochote.

Kadi halali nayo huchakaa, kwani chembe zake za kuhifadhi chaji huchoka kidogo kila zinapofutwa na kuandikwa upya. Kwa maoni yangu, kadi iliyoleta hitilafu tena baada ya kufomatiwa, wakati kamera na kisoma kadi vimethibitika kuwa vizima, ivunjwe, isije ikarudishwa kwenye mkoba kwa bahati mbaya.

Naomba safu yenu irekebishe jibu lile katika toleo lijalo. Kama msomaji aliyeuliza bado hajabonyeza kitufe, aambiwe asubiri. Na kama amekwisha kukibonyeza, aitoe kadi hiyo sasa hivi na asipige nayo picha hata moja zaidi kabla ya kujaribu kuziokoa zilizomo.

Wako mtiifu,
Mpiga picha na msomaji wa siku nyingi