Nahodha Karudi na Jezi ya Watu

Shangani,
Mtwara.
16 Novemba 2024

Kwako swahiba Issa,

Asalaam aleikum. Sisi huku wazima wa afya, hofu ni kwenu huko Dodoma kwenye jua na vumbi. Barua hii inakuja na kiroba cha korosho, dereva wa basi nimeshamlipa, kwa hiyo akikudai chochote mkatalie. Korosho kabangua mama mwenyewe kwa mkono. Ukiona nyingine zimevunjika, macho yake si ya zamani, usinipigie simu kunilalamikia.

Nimeamua kushika kalamu kwa sababu ya zile sauti zako za Jumatano. Kumi na nne, Issa! Nimezisikiliza zote, nyingine mara mbili, na kila nikitaka kujibu najikuta narekodi, nafuta, narekodi, nafuta. Umeniuliza kama ni kweli tulimpigia makofi Klay Thompson, yule mcheza kikapu wetu wa Golden State ya Marekani, aliporudi kwao na jezi ya Dallas. Ni kweli. Hata mimi. Na nilisimama.

Sasa tulia nikueleze, maana najua umeshaanza kusonya.

Nianzie Julai, kwani wewe ulikuwa umeshahama na hukuyaona ya huku. Unakumbuka wiki ile ndiyo Chama alitoka Simba akaenda Yanga. Mji ulikuwa msiba upande mmoja na harusi upande wa pili. Sokoni wauza samaki wanapitana kama hawajuani. Na katikati ya vurugu hiyo sisi watu sita tuna msiba wetu ambao hakuna wa kutupa pole: Klay Thompson kaondoka Golden State, anakwenda Dallas, miaka mitatu, dola milioni 50. Nilimwambia jirani yangu asubuhi kwamba nimeumizwa sana na mchezaji aliyehama. Akanishika bega, akasema, "Pole, jirani. Chama katuumiza wote." Nikapokea pole yangu hivyohivyo nikaenda kazini.

Fundi ndiye aliyepagawa kuliko wote. Ile jezi yake ya bluu namba 11 aliyoiokota kwenye mitumba, aliyokuwa hataki hata ianikwe juani, aliivua akamgawia kijana wa bodaboda. Siku hizi naiona stendi. Herufi ya kwanza imebanduka, mgongoni pameandikwa HOMPSON. Nilimuuliza yule kijana kama anajua huyo ni nani, akasema anadhani ni kampuni ya matairi.

Mimi niliapa sitaangalia Dallas. Unanijua viapo vyangu.

Haya, tuje kwenye neno lako. Umesema mcheza kwao hutunzwa, na kwamba huyu kakataa kutunzwa kwao akaenda kutafuta tuzo ugenini. Methali nimeikubali, lakini inamsema anayecheza. Yule tuliyemwona Aprili alikuwa hachezi tena, alikuwa anahangaika watu wakimtazama. Na wewe ulikuwepo. Simu ilikuwa yako.

Ile ya alfajiri ya Aprili 17, umeme umekatika, tumejibana watano kwenye kioo chenye ufa, saa kumi na moja, nje giza. Golden State na Sacramento. Ukifungwa umetoka, msimu umekwisha. Timu yetu ilishakuwa ya wazee: Curry 36, Klay na Draymond 34, Chris Paul anakaribia 39, wameshinda 46 na kufungwa 36, wa kumi katika kanda yao. Mtupo wa kwanza ulipotoka tukasema hajapata joto bado. Wa nne tukasema wanambana. Kwenye wa saba Fundi akaanza kutazama nje kana kwamba kuna mtu kamwita. Alirusha mara kumi, Issa, na hakuna uliozama. Hata pointi moja hakupata. 118 kwa 94. Tulikaa kimya mpaka mama wa vitumbua akapita na ndoo yake, akachungulia, akauliza, "Nani kafariki?"

Na huyo ndiye Klay yuleyule ambaye Januari 2015 aliwafunga Sacramento haohao pointi 37 kwenye robo moja. Alirusha mara 13, zote 13 zikaingia. Ndiye aliyewafunga Indiana pointi 60 Desemba 2016, dakika 29 tu uwanjani, na mpira akaudunda mara 11 usiku mzima. Wewe unaudunda mara 11 kabla hujavuka katikati. Ndiye aliyeharibika goti kwenye fainali ya 2019 na Toronto, wakawa wanamtoa nje, akasikia kwamba asiporusha yale mawili ya adhabu hataruhusiwa kurudi tena mchezoni, akageuka, akarudi akichechemea, akarusha, zote mbili ndani. Ndipo akatoka. Siku ile ulilia ukasema ni vitunguu. Kulikuwa na vitunguu gani kibandani kwa Fundi?

Baada ya goti ukaja mshipa wa kisigino. Siku 941 kutoka mechi ile mpaka aliporudi Januari 2022, na mwaka huohuo akabeba ubingwa wa nne. Mtu akishafika hapo unaanza kuamini kwamba huyu hazeeki, anaumwa tu na atapona. Hata Februari walipomweka benchi, kwa mara ya kwanza tangu 2012, aliingia kule Utah akafunga 35, na sisi tukacheka tukasema dawa imeingia. Kumbe ilikuwa nafuu ya jioni.

Kwa hiyo nilipotulia nikajiuliza hasira yangu ni ya nini hasa, niliona Julai haikunifanya kitu. Mimi Aprili ndiyo iliyonikaba, na Aprili haina wa kulaumiwa. Nilitafuta wa kumlaumu nikamkosa, nikamshika aliyekuwa karibu na mlango akiwa na mabegi. Nadhani wewe bado umemshika.

Hebu fikiria angebaki. Angekaa benchi pale pale alipokuwa anaimbwa, kila akisimama kurusha watu elfu kumi na nane wanashika pumzi wakimwombea dua. Mimi nimeonewa huruma na watu wa nyumbani, ule mwaka niliofukuzwa kazi, na nakuambia ni afadhali matusi ya mgeni. Dallas akikosa watamzomea tu. Hakuna atakayemwangalia kwa jicho lile.

Mwalimu yeye anatupa mfano wa Ray Allen. Boston ya 2012 nayo ilikuwa ya wazee, Ray akaondoka kwenda Miami, tena Miami iliyotoka kuwatoa Boston kwenye mfululizo wa mechi saba. Garnett, mwenzake wa Boston, akanuna, akasema namba ya simu ya Ray hana tena. Ray mwaka uliofuata akarusha ule mtupo wa pointi tatu wa dakika ya mwisho uliowaokoa Miami mbele ya San Antonio, akapata pete ya ubingwa. Walikuja kukumbatiana 2022, siku jezi ya Garnett inatundikwa. Miaka kumi watu wazima wananuniana! Mwalimu anasema kwa umri wetu na presha hizi, mtu asiingie kwenye ugomvi wa miaka kumi bila kupima damu kwanza.

Sasa Jumatano yenyewe. Mechi ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi, na saa hiyo Mtwara kuchele kweli, jua limeshapanda baharini, malori ya korosho yanateremka bandarini, kila mtu ana haraka kwa sababu mwaka huu kilo imepita shilingi 4,000 mnadani na waliokuwa wanatukimbia wakiona tunadai sasa wanatusalimia wa kwanza. Fundi kaunganisha simu kwenye runinga. Tulikuwa sisi, pamoja na yule mzee aliyekuwa baharia, tunayemwita Mzee Chombo, ambaye huja kwa ajili ya chai.

Wakaonyesha njia ya kuingilia ukumbini. Wafanyakazi wa pale Chase Center, ukumbi wa Golden State, wamejipanga huku na huku, na kila mmoja kichwani ana kofia ya nahodha. Mashabiki nao wamegawiwa kofia hizohizo. Klay anapita katikati, amevaa mambo ya Dallas, namba 31, maana 11 kule ni ya Kyrie Irving. Akawa hajui mikono aiweke wapi.

Mzee Chombo akaacha kupuliza chai. "Huyu naye nahodha wa chombo gani?"

Nikamwambia ana boti yake mwenyewe, na alipokuwa timu hii alikuwa akivuka nayo ghuba ya San Francisco kwenda kwenye mechi.

"Kama sisi na Msangamkuu."

"Kama nyie na Msangamkuu, kasoro pantoni."

Hapo akapendezwa. Akataka aelezwe yote, na Fundi akamweleza kwa uchungu wake: alikaa miaka 13, akabeba vikombe vinne, halafu timu imezeeka akaikimbia. Nahodha gani anaacha chombo? Nilidhani mzee atamuunga mkono. Akachovya chapati yake taratibu, akasema chombo kikivuja hukiachi, unakivuta pwani unakitia kalafati, kinarudi majini. Yeye kakitia kalafati chombo kimoja miaka na miaka. Fundi akaanza kutabasamu. Mzee akaendelea: lakini huja siku unagonga msumari unazama wenyewe bila nyundo, mbao yote imekuwa unga. Siku hiyo huna cha kuziba. Na chombo nacho hukilaumu, nacho hakikulaumu.

Fundi akanyamaza. Akaongeza sauti ya runinga, ingawa ilikuwa inasikika.

Walipotangaza jina lake ukumbi wote ukasimama, na mimi nikajikuta nimesimama kwenye kile kibanda, kichwa kinagusa bati. Fundi hakusimama. Alipiga makofi akiwa ameketi, mikono ikiwa chini ya meza, anadhani hatumwoni. Klay akafunga 22, tatu zake sita zikaingia, na kila ilipoingia tulishangilia halafu tukakumbuka kwamba tunafungwa sisi. Mwishowe Curry akamaliza kazi, kafunga 37, 120 kwa 117. Tumeshinda na Klay kacheza vizuri. Asubuhi nzuri kama ile sikumbuki tumeipata lini.

Vijana wa mtaani wanatucheka kwamba tunalilia watu wasiotujua. Wana haki. Lakini hawakuwepo 2009, timu za Marekani zilipochagua wachezaji wapya, Hasheem Thabeet wetu akaitwa wa pili na Curry akaitwa wa saba, mimi na wewe tukazunguka mji mzima kutafuta pa kumwona mtoto wa Dar akicheza Memphis. Tuliingilia mlango wa Thabeet, tukatokea kwa Curry na Klay. Wakati ule nilikuwa naruka nagusa wavu. Sasa nikiinama kufunga viatu naangalia kwanza kama kuna kazi nyingine ya kufanya nikiwa huko chini.

Na hapa nitakuuliza kitu, usikasirike. Siku ile stendi ulipopanda basi la Dodoma, na mabegi mawili na ule mpira wako umeupakata kama mtoto, nani alikuita msaliti? Tulikuwa tunakutegemea, unajua. Tulikuwa watano kamili. Ulipata kazi yenye mshahara unaoeleweka, ukaenda, na sisi tulikusindikiza mpaka mlangoni, Fundi akakununulia maji. Jumapili iliyofuata tulifungwa na vijana wa chuo pointi ambazo sitaziandika hapa. Hakuna aliyekutaja kwa ubaya. Sawa, Fundi alikutaja, lakini Fundi huwataja wote.

Kiwanja chetu kipo vilevile, rimu ya upande wa baharini bado imeinama kama inasalimia. Kamba zilikuwa zimekatika zote, mvuvi mmoja wa Mikindani akatusukia wavu mpya kwa uzi wa jarife. Ukizamisha safi unatoa mlio, shwaa, mtu akiwa barabarani anageuka. Nimeusikia mara mbili tu tangu ufungwe, na mojawapo alikuwa Mwalimu, alikuwa anapasia.

Mwenye timu ya Golden State keshasema namba 11 haitavaliwa tena, siku moja wataitundika juu. Najua na wewe utauliza kuhusu ile namba 8 yako uliyoiacha kwangu. Haijatundikwa popote, usijidanganye. Bintiyo Mwanaidi kaichukua, inamfika magotini, anaivaa kulalia na kila nikiifua ananuna mpaka ikauke.

Wasalimie nyumbani kwako. Korosho usiwape wenzako wa ofisini wote kwa siku moja.

Ni mimi swahiba wako,
Hamisi