Kuongeza maji kila asubuhi hakutibu gari linalochemsha

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi tuseme na wenye magari ya zamani hapa Dodoma, hasa Corolla, Noah na Hiace ambazo siku hizi hazitoki nyumbani bila dumu la maji nyuma ya kiti. Mfumo wa maji wa injini umefungwa na hauna sababu ya kupungua. Kama unaongeza kila wiki, maji yanatoka mahali, na mara nyingi mahali hapo panajulikana ndani ya saa moja, kabla fundi hajagusa bolti hata moja ya hedi (kichwa cha injini).

Anza na mfuniko wa rejeta, maana ndio unaodharauliwa kuliko vyote. Mji wetu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji ya sufuriani huku huchemka karibu nyuzi 96, hayafiki 100. Themostati (vali inayofungulia maji kwenda kwenye rejeta injini ikipata joto) za Toyota nyingi huanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi, na injini hutembea kwenye 85 hadi 95. Hapo katikati nafasi ni finyu mno. Kinachookoa ni presha: mfuniko ulioandikwa 1.1 huruhusu mfumo kubana kwa baa 1.1, na maji hayachemki mpaka karibu nyuzi 120. Raba ya mfuniko ikikatika au springi ikichoka, kinga hiyo yote inapotea, na gari litachemsha kwenye mlima wa Nyang'oro ukielekea Iringa huku rejeta ni nzima kabisa. Nunua mfuniko wenye namba ileile. Wa 1.1 kwenye gari la 0.9 utapasua mipira ya maji iliyozeeka. Tazama pia vali ndogo ya katikati. Ikikwama, mpira wa rejeta hunywea injini inapopoa.

Kutafuta panapovuja, laza kipande cha boksi chini ya gari usiku. Tone la kijani au jekundu ni kulanti, yaani dawa ya rangi inayochanganywa na maji ya rejeta. Maji meupe upande wa abiria baada ya kutumia AC hayana neno. Tone likiwa upande wa mikanda, mulika tochi chini ya pampu ya maji: kuna tundu dogo pale, na likianza kutoa maji au kuacha michirizi ya chumvi, sili ya pampu imekwisha. Usilizibe. Zulia la mbele likilowa na kioo kikapata ukungu wenye harufu tamu, rejeta ndogo ya hita ndiyo inayovuja.

Pasipoonekana kitu, dai pampu ya mkono yenye geji. Injini ikiwa baridi, inafungwa penye mfuniko na kujazwa presha hadi namba ya mfuniko, isizidi, kisha inaachwa dakika 15. Mshale ukishuka, zungukeni na tochi: maungio ya plastiki na alumini ya rejeta, vibano vya mipira, vile vifuniko vya bati vilivyogongelewa kwenye bloku (mwili wa injini). Ukishuka na nje ni pakavu, ng'oeni plagi. Ile iliyooshwa nyeupe kuliko wenzake inaonyesha silinda inayokunywa maji, na hapo gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku, ndiyo mshukiwa wa kwanza. Dalili nyingine ni mpira wa juu kuwa mgumu dakika chache tu baada ya kuwasha gari lililolala, na mapovu yasiyokoma kwenye rejeta.

Gari lisilovuja lakini linachemsha lina maswali yake. Likichemsha kwenye foleni na kupoa barabarani, kagua feni, fyuzi na relei yake. Likichemsha mlimani na mjini likatulia, rejeta imeziba au pampu haisukumi. Mpira wa juu ukiwa wa moto na wa chini baridi, shuku themostati au rejeta. Themostati inapimwa kwenye sufuria ya maji yenye kipimajoto. Isipofunguka, nunua nyingine. Kuing'oa na kuacha wazi, kama wengi wanavyofanya, ni kosa: injini inachelewa kupata joto, inakula mafuta na kulika mapema, na ugonjwa wenyewe unabaki palepale.

Maji mengi ya visima vya mkoa huu yana chumvi, nayo hugeuka magamba ndani ya mirija ya rejeta. Tumieni maji ya betri (yale yasiyo na chumvi, si asidi) na kulanti, nusu kwa nusu. Kumbuka ukifungulia rejeta chini, sehemu kubwa ya maji ya zamani inabaki kwenye bloku. Kwa mfumo wa lita 6, mimina kwanza lita 3 za kulanti isiyochanganywa, kisha malizia kwa maji ya betri. Pua ya gari iwe juu, hita iwe kwenye moto, na injini iungurume mpaka feni iwake, ili hewa itoke.

Jambo moja linaua injini nyingi safarini: maji yakiisha kabisa, sensa hubaki hewani na mshale wa joto unaweza kushuka. Dereva anadhani gari limepoa. Mshale ukipanda kisha ukaanguka ghafla, zima injini hapohapo. Usifungue mfuniko wala kumimina maji baridi mpaka mpira wa juu ushikike kwa mkono.

Na hedi ikilazimika kushuka, isirudishwe bila kupimwa kwa rula ya chuma na geji ya nafasi. Kwa injini nyingi ndogo za Toyota, kupinda kusizidi milimita 0.05. Ikizidi ipelekwe kusawazishwa, la sivyo gasketi mpya itaungua kama ya kwanza.

Mafundi wa gereji,
Dodoma